Kopi Haiandikwi

Kompyuta ya parokia yetu, upande wa Mweso, mashariki mwa Kongo, ilivaa vizuri kuliko mimi. Ilikuwa na kitenge chake cha rangi ya ndizi mbivu, chenye ndege wa buluu, na kila jioni Mama Sekretere aliifunika kabla ya kufunga ofisi. Aliupeleka upindo huku, akaupeleka kule, akapapasa juu taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, ndipo akaanza kutafuta viatu vyake. Wakati huo nilikuwa kijana wa kutengeneza simu, kibanda changu kikitazamana na mlango wake. Nilikuwa nikiangalia kile kitenge, nikiangalia na shati langu, roho inaniuma.

Siku moja nikamwambia, "Mama, ile mashine haisikii baridi."

Akanijibu bila kugeuka, "Na wewe, baridi hausikii, lakini kila siku uko navaa koti."

Huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Nimemjua miaka mingi, na sijui hata kama wengi wetu tulijua jina alilopewa na wazazi wake. Mapadri walikuja na kuondoka, makatekista walikuja na kuondoka, yeye alibaki na muhuri wake, miwani yake iliyofungwa uzi, na kikombe cha chai chenye sukari ya kutosha kutengeneza uji. Sukari hiyohiyo aliwakataza wengine. Akikukuta unaongeza kijiko, utasomewa hotuba ya presha hadi chai ipoe.

Umeme wa ofisi ulitoka kwenye jenereta, na jenereta iliwashwa Jumamosi tu. Kwa hiyo Jumamosi haikuwa siku ya kumsalimia. Aliandika kwa kidole kimoja, kile cha kuonyeshea cha mkono wa kulia, vingine vyote amevikunja. Kidole kilipanda, kikazunguka juu ya herufi kama mwewe, kikashuka. Ukimsemesha wakati kiko hewani, alikirudisha mapajani na kuanza upya jina zima. Vitabu vya zamani vya ubatizo vilikuwa vimeliwa na mvua, mwaka paa la ofisi lilipoondoka na upepo, lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuvihamishia vyote ndani ya kompyuta kwa kidole hicho. Mtoto aliyebatizwa, siku gani, wazazi wake, msimamizi wake, padri gani. Faili moja kubwa, yenye fomu alizozipamba mwenyewe kwa msalaba mdogo kwenye kona.

Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na nafasi ya maelezo, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wake na mapadri. Nafasi hiyo ilikusudiwa mambo ya kiofisi. Yeye alianza zamani, kwa penseli kwenye pambizo za vitabu, kuandika alichokiona, kwa sababu kila ubatizo alikuwepo, akishika taulo. "Msimamizi alichelewa, alinuka kasiksi." "Mtoto alicheka maji." "Bibi yake aliimba kuliko kwaya." Padri mmoja alisoma mstari ule wa kasiksi, yaani pombe ya ndizi, akashika kichwa.

"Mama, hii iko rejista ao iko masimulizi?"

"Padri, mi naandika tu yenye niliona. Kama hautaki niandike, niambie nifunge macho siku ya batemo."

Mwanamke huyohuyo alichukia umbea. Wanawake wakisengenyana kwenye ngazi za kanisa, aliwatawanya kwa kupiga makofi kama anafukuza kuku. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, alisema umbea ni wa jana na kesho unabadilika, lakini cha kwake kina tarehe.

Mstari wangu ninaujua kwa kichwa. Mimi ni Kambale, na kwetu Wanande kila mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Baba yangu alitoka Butembo kufungua duka Mweso, na wenzake walifuata. Ukiita Kambale sokoni, nusu ya wauza chumvi wanageuka. Ukitafuta Kambale kwenye faili ya Mama Sekretere, ekrani, kioo chake chote, inajaa. Maelezo yake ndiyo yaliyotutofautisha. Yangu yalisema: "Alipiga padri teke." Ndiyo maana tangu nianze kuota ndevu mpaka nikaota mvi chache, mbele za watu wa heshima, aliniita Kambale wa Teke.

Jambo lililomkera zaidi kwenye mstari wangu lilikuwa nafasi tupu. Kwetu Wakatoliki, ukifunga ndoa popote duniani, habari inarudi parokia uliyobatiziwa na kuandikwa pembeni ya jina lako. Mimi na mke wangu, Mama Neema, binti wa wakulima wa milimani humo Masisi, tulikuwa tumekwisha kuzaa na kujenga, lakini kwa padri tulikuwa hatujafika. Hatukukataa. Kila tulipopanga siku, milio ya risasi ilitangulia, wageni wakatawanyika, na sisi pamoja nao. Tukirudi tunapanda viazi kwanza. Kwa hiyo Jumapili, wakati wa komunyo, ambayo anayeishi bila ndoa ya kanisa haipokei, Mama Neema alibaki ameketi kwenye benchi la nyuma akiangalia mikono yake. Mke wangu si mtu wa kulalamika, lakini nilimwona. Lilimuuma sana, na mimi liliniuma kwa ajili yake.

Mama Sekretere naye alimwona. Alikuwa na kiti chake mbele, karibu na kwaya. Akishapokea, badala ya kurudi kwenye kiti hicho, alitembea mpaka nyuma kabisa na kukaa karibu na mke wangu, mabega yamegusana, mpaka misa iishe. Maneno aliniwekea mimi, mlangoni.

"Kambale wa Teke. Ile nafasi iko wazi."

"Tutaijaza, Mama."

"Mi niko nazeeka. Kidole nayo iko nazeeka."

Tableti ilimjia kwa bahati. Mradi fulani uliokuwa ukiandikisha wakimbizi ulifunga, ukamwachia moja kama asante. Aliitazama kwa dharau, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuvalishwa. Lakini mambo yalikuwa yameanza kuchacha barabara ya Kitshanga, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama faili inaweza kuingia humo, kwa sababu mashine ya mezani mtu haikimbii nayo. Padri alikubali. Nikanakili faili kwenye flash, ambayo aliishika ndani ya leso kama hostia, nikaitia kwenye tableti. Tableti ikasema haijui kitu cha namna hiyo. Faili ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya meza, na tableti ni ukoo mwingine. Nilihangaika nayo mpaka binamu yangu wa Goma akanitumia programu ndogo inayofungua faili za namna hiyo. Ikafungua. Majina yote yakajipanga, membamba, yakishuka ukivuta kwa kidole.

Nilitegemea pongezi. Akashusha miwani.

"Fomu zangu ziko wapi?"

Fomu hazikuja. Zilikuja data tupu, mistari na mistari, bila msalaba kwenye kona. Na majina ya Kifaransa yenye vialama juu yalikuwa yamegeuka viboksi na alama za kuuliza. Akamwona Thérèse mmoja amekuwa nusu mtu nusu maswali.

"Umeniletea nyumba bila kuta," akasema. "Na huyu, nani njo alimubatiza hivi?"

Hata hivyo hakuiachia. Akatafuta huyu, akatafuta yule, wote wakaja, akaanza kutabasamu. Nikapata ujasiri, nikamwonyesha alama ya kalamu kwenye kona ya juu: ukiigusa, unaweza kuongeza mtu au kubadilisha mstari. Alinipiga mkono. Alinipiga kweli, kwa rula.

"Kopi haiandikwi!"

"Lakini Mama, inakubali."

"Inakubali, ndiyo. Hata ukuta inakubali makaa. Orijinali iko pale." Akaelekeza kidole kwenye ile mashine ndani ya kitenge chake. "Mu kopi batu wanasoma. Wakianza kuandika, kesho kuko Kambale wawili, mumoja ameoa, mwingine hapana. Utachagua gani?"

Hapo alikuwa na haki, mimi mwenyewe nimeona wafanyabiashara wakigombana juu ya faili mbili zinazofanana. Lakini kwake haikuwa ufundi. Kitu kilichoandikwa kwenye kopi kilikuwa hakijatokea. Nilicheka tu, sikujua sheria hiyo itamgharimu nini.

Vita vilipofika, tulitawanyika kweli. Mimi na familia tulishika njia ya Walikale mpaka Mubi, mji wa barabara ya msituni, ambako kaka yangu mkubwa Paluku alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mama Sekretere alikwenda Kashuga, kwenye kambi ya wakimbizi. Alifunga tableti mgongoni kwa nguo, mbele akabeba sufuria. Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye bunduki walimuuliza amebeba nini humo.

"Batoto," akawajibu.

Wakafungua, wakaona kioo cheusi, wakacheka, wakamwambia apite na watoto wake. Alinisimulia hayo bila kuona kichekesho kiko wapi.

Nilipita Kashuga mara moja nikifuata mzigo wa maharage, nikamkuta nje ya hema, paneli ndogo ya jua imelala karibu na miguu yake, watu wamemzunguka. Nilidhani wanataka vyeti. Wachache walitaka. Wengine walikuja kusomewa jina lao tu. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na karatasi zote, anakaa kwenye jiwe, anataja jina, na Mama Sekretere anavuta kidole, anavuta, anasimama. "Uko humu," anasema. Kisha anasoma maelezo. Mtu mmoja mwenye mkongojo alisomewa kwamba siku ya ubatizo wake alilala usingizi tangu mwanzo mpaka mwisho. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba asomewe tena.

Huko kambini watoto walizaliwa na watu walifunga ndoa, na kila mara yeye alikuwepo na taulo. Lakini hakuandika. "Nitaandika nikirudi Mweso," alisema, na akayaweka kichwani. Kila asubuhi aliyarudia kwa sauti, mkono ukifanya kazi nyingine, ili yasimtoke.

Mubi ilituzoea. Mama Neema akapata benchi la nyuma la kanisa jipya. Hatimaye mwaka huu palikuwa na utulivu kidogo, Paluku akasema sherehe ataigharimia yeye, na nikaenda kwa padri wa pale. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa wazi: bila karatasi za ubatizo, ndoa hakuna. Nikampigia Mama Sekretere, simu ikikatikakatika.

"Mama, piga foto ya ekrani, unitumie kwa simu."

"Foto ya kopi?" Nilisikia akivuta pumzi. "Kambale, uko na homa? Nakuya mwenyewe."

Maisha yake yote alikuwa ameogopa pikipiki. Alikuwa akiziita majeneza ya haraka. Basi huyo ndiye aliyeshuka mbele ya duka, tope mpaka kwenye miwani, amemkumbatia dereva kiunoni kwa nguvu mpaka ikabidi tumwambie kwamba wamefika. Dereva akanivuta pembeni.

"Kaka, huyu mama amesali njia yote mu masikio yangu. Mi niko mu-Adventiste, lakini nimejua rozari yote."

Mke wangu alimpokea kwa kilio, akampa maji na chai, na sukari hatukumzuia. Ndipo akaishusha tableti mgongoni. Ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge cha rangi ya ndizi mbivu, chenye ndege wa buluu. Kimepauka, upande mmoja una nyayo za matope yasiyotoka. Nikakijua papo hapo. Mama Sekretere asingeivua mashine ile kitenge chake, mvua wala jua, kama mashine bado ilikuwa chini yake. Nilimwangalia mke wangu, naye alikuwa anakiangalia. Hatukuuliza.

Kesho yake alituandikia vyeti. "Kusoma mu kopi, sawa," alisema, akatoa muhuri uliofungwa kwenye pindo la nguo kiunoni. Changu kilikwenda haraka, teke na yote. Alipofika kwa Mama Neema akasimama. Mama mkwe wangu alikufa tukiwa njiani kuja huku, na kwa upande wa mke wangu hakuna aliyebaki wa kumwambia alikuwa mtoto wa namna gani. Mama Sekretere alisafisha kioo, akasoma polepole:

"Mama yake alimuleta peke yake, mvua ilikuwa nyingi. Mtoto alishika kidole ya sekretere, hakuachilia mpaka mwisho wa misa."

Mke wangu akaweka mkono mdomoni. "Kumbe nilikushika?"

"Ulinishika sana. Nilisaini rejista na mukono ya kushoto. Ile saini ilikuwa kama njia ya kuku."

Mama Neema alicheka na kulia pamoja. Sijawahi kumpa mke wangu zawadi iliyolingana na mstari ule.

Tulifunga ndoa Jumamosi. Mama Neema alitoka kwenye benchi la nyuma mbele ya macho yangu, akaenda kupokea, na safari hii Mama Sekretere alitembea nyuma yake na kurudi naye. Nilitokwa machozi kanisani kama mtoto, na Paluku bado ananitania.

Jioni nikamwambia, "Sasa, Mama, ile nafasi."

"Nitaandika nikirudi Mweso," akasema, akageukia ukuta.

Alikaa kwetu siku kadhaa. Asubuhi alimenya viazi uani na kurudia mambo yake ya kichwani, kwa sauti ya kuvuta kama litania: "Mtoto ya Mama Furaha, Kashuga, binti, jina Anjelani." Watoto wangu, ambao hawana adabu, waliitikia kutoka mlangoni, "Utuombee!" Alitikisa kisu, lakini niliona anasubiri waitikie kabla ya kwenda kwa mwingine. Sisi tulikuwa tumeongezwa mwishoni: "Kambale wa Teke na Mama Neema, ndoa, Mubi." Utuombee.

Asubuhi kabla ya kuondoka alianza vizuri. Kisha akafika mahali.

"Mtoto ya Mama Bahati, Kashuga, muvulana, jina..."

Watoto walisubiri. Akaanza tena. "Mtoto ya Mama Bahati. Muvulana. Jina..." Kiazi kilikuwa mkononi, nusu kina ganda. Neema, binti yangu mkubwa, akawafanyia wenzake ishara ya kunyamaza.

"Nilimushika mi mwenyewe," akasema. "Nilimupangusa kichwa. Jina yake ni nani?"

Nikachuchumaa karibu naye. Akakiweka kiazi chini.

"Nilienda kuona Mweso, Kambale. Mbele ya kukuya huku. Iko meza tu. Kitenge ilikuwa chini, balipangusia miguu."

"Tuliona, Mama. Tulijua."

"Nikasema, pengine iko mu nyumba ya muntu. Muntu ataona msalaba mu kona, atajua iko ya kanisa, ataileta." Akafuta kisu kwenye nguo yake. "Nikiandika humu, njo nasema haitarudi."

Mke wangu alikuwa amekwisha kuleta tableti. Mama Sekretere aliitandikia kitenge chini yake, juu ya magoti, akaikunjua miwani.

"Ile kalamu," akasema. "Iko wapi ile kalamu yenye nilikupigia?"

Nikamwonyesha kona. Akaigusa. Mistari ikafunguka.

"Tunaanza na hii, mbele nisahau nayo." Akanivuta karibu ili nisome kama haandiki vibaya, na kidole kikapanda, kikazunguka, kikashuka, herufi moja moja, kwenye nafasi iliyokuwa wazi miaka yote ile: ndoa, Mubi, tarehe, jina langu. Akafika kwenye maelezo, akasimama.

"Uandike nini?" nikamuuliza.

"Yenye niliona." Akafikiri. Akaandika kwamba bwana harusi alilia, na nikakubali aibu yangu. Kidole kikabaki hewani, kisha kikaongeza maneno mawili: "Sekretere alikuwepo."

"Na jina yako, Mama?"

"Sekretere inatosha," akasema, akimwangalia mke wangu. "Huyu mutoto ananijua."

Tableti ikauliza kama ihifadhi mabadiliko. Kile kidole kikasimama juu ya kioo na hakikushuka. Mama Neema akapiga magoti mbele yake, akakishika kwa kiganja chote kama wanavyoshika watoto, wakabonyeza pamoja. Mstari ukatulia mahali pake. Viazi vilingoja, maana mke wangu hakumwachilia.